Kumuuguza Paka Aliyegongwa: Wiki Sita za Kula, Kukojoa na Kutulia

Paka akigongwa na bodaboda mara nyingi hafi palepale. Anaanguka, anainuka, anakimbia mpaka uvunguni mwa kitanda au nyuma ya tangi la maji, na wenye nyumba wanashusha pumzi wakidhani hakuumia sana. Jioni inafika bado yuko kulekule, hataki kula, na mtu anasema tumwache atapona mwenyewe, paka ana roho saba. Naandika kwa ajili ya nyumba kama hiyo, na zaidi kwa ajili ya wiki zinazofuata baada ya daktari kumaliza kazi yake, maana huko ndiko paka wengi wanakopotea. Mfupa uliovunjika peke yake hauui paka kirahisi. Kinachomuua ni kibofu kilichojaa bila mtu kujua, ini lililolemewa kwa sababu ya njaa, kidonge cha binadamu alichopewa kwa huruma, au kuachiwa akaruka ukuta wiki ya pili kwa kuwa alionekana mzima. Karibu yote hayo yanazuilika nyumbani, na anayeyazuia ni mtu mwenye macho makini na daftari. Huruma anayo kila mmoja wetu. Kinachopungua ni kuangalia.

Mfano wangu ni paka wa kawaida wa kilo nne aliyegongwa upande wa nyuma. Nyonga imevunjika na mkia unaning'inia. Ni jeraha la kila siku katika miji yetu yenye pikipiki nyingi, na anayeweza kumuuguza paka huyu hatashindwa na aliyevunjika mguu au aliyeanguka kutoka ghorofani.

Kwanza, mtoe alikojificha bila kumvuta mguu wala mkia. Ni afadhali kuinua kitanda au kusogeza kabati. Mfunike kwa taulo au kanga mbili mpaka kichwani, msogeze taratibu juu ya kitu bapa kama sinia pana au kipande cha boksi gumu, kisha mwingize kwenye boksi ulilolitoboa matundu. Paka mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu. Akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ueleze kwamba ni paka, ili waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Meno ya paka ni membamba, yanaacha tundu dogo lakini yanapanda vijidudu chini kabisa ya ngozi, na mkono unaweza kuvimba usiku mmoja.

Inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, una muda wa kujipanga. Ukiwa mweupe au wa kijivu, huenda anavuja damu ndani, na kila dakika ina thamani. Anayepumua mdomo wazi naye hasubiri asubuhi: kishindo cha ajali kinaweza kuchana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, matumbo yakapanda kifuani na kuyabana mapafu. Tazama na kucha. Zikiwa zimekwanguka na kuchanika, alikwaruza lami, hata kama hakuna aliyeishuhudia ajali.

Usimpe dawa yoyote ya nyumbani. Nasisitiza hili kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Panadol, na kila dawa yenye parasetamoli, ni sumu kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja na kuiondoa kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso na miguu vinavimba. Kama mtu ameshampa, usione haya kusema. Mwambie daktari alipewa kiasi gani na saa ngapi, maana dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ziache kwenye kabati. Na kidonda usikimwagie Dettol, kwani kemikali iliyomo paka huilamba pamoja na manyoya yake ikamdhuru.

Ofisi nyingi za mifugo za wilaya zimezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila daktari ana mashine ya eksirei. Piga simu uulize kabla ya kupanda bajaji. Vyuo vyenye mafunzo ya udaktari wa wanyama vina hospitali za kufundishia: Sokoine mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, Makerere mjini Kampala. Njiani usimlishe, huenda akahitaji nusu kaputi. Mkifika, uliza mambo machache na uandike majibu. Kibofu ni kizima? Anahisi akibanwa vidole vya nyuma? Mkia unahisi? Atapewa dawa gani ya maumivu, kiasi gani, kwa siku ngapi? Na gharama yote itafika ngapi? Kuuliza bei si ubahili. Daktari akijua uwezo wako atakupa njia unayoweza kuimaliza, kuliko kuanza tiba itakayokatikia katikati.

Huenda ukashangaa kuambiwa kwamba paka wako hatapasuliwa. Nyonga imezungukwa na misuli minene inayoshika vipande vya mfupa mahali pake, na mivunjiko mingi isiyogusa kiungo cha paja wala kuziba njia ya choo huunga yenyewe, mradi paka atulie. Hapo ndipo kazi inapohamia kwako.

Kutulia kwenyewe maana yake ni kizimba. Si chumba chenye kitanda na kochi, wala "tutamwangalia asiruke". Ni kizimba, kwa wiki nne hadi sita. Kiwe na nafasi ya paka kulala amejinyoosha, kusimama na kugeuka, pamoja na trei ya choo upande mmoja na bakuli upande wa pili, lakini kisimpe pa kurukia. Urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60 au 70 unatosha. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa waya na vyuma vyembamba, na kitanda cha mtoto mchanga chenye nyavu pande zote kinafaa pia ukikifunika juu. Tenga la kuku silipendi: kucha zinanasa kwenye fito, na halioshiki. Bafu tupu ni la dharura tu, kwa sababu vigae vinateleza, na mguu dhaifu ukiteleza mfupa unaachana upya.

Sakafuni tandika magazeti, kisha blanketi, na juu kabisa shuka kuukuu unalobadilisha kila siku. Paka asiyeweza kusimama mgeuze ubavu kila baada ya saa nne, la sivyo atapata vidonda pale mfupa unapogusa godoro. Ndani ya kizimba weka boksi dogo lililokatwa mlango. Watu wengi hulisahau boksi hili, na mimi naliona ni nusu ya tiba: paka asiye na pa kujificha anakaa roho juu usiku na mchana, na mwenye wasiwasi hali chakula. Funika pande tatu za kizimba kwa kanga, ubaki upande mmoja wa kupitisha hewa na wa wewe kumwona. Kiweke mbali na redio, mbwa na njia ya watoto. Dar es Salaam mwezi wa Januari kikae panapopita upepo. Nairobi au Njombe mwezi wa Julai mwekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, upande mmoja tu, ili aweze kuisogelea au kuikimbia.

Katika familia za Kiislamu huwa anatokea mzee mmoja anayepinga kizimba kwa hofu ya kweli, akikumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Ni hofu ya heshima na ijibiwe kwa heshima. Mwambie, "Babu, yule mwanamke alimfungia paka akamnyima chakula, wala hakumwachia akajitafutie. Huyu tumemweka ndani ili tumlishe kwa mkono mpaka nyonga iunge." Wazee wengi wakishaelewa hivyo ndio wanaokuwa walinzi wakali kuliko wote.

Wakati mgumu kweli ni wiki ya pili na ya tatu. Paka amesimama, anatembea hatua mbili tatu, analia usiku, anakwangua mlango wa kizimba, na nyumba nzima inaona kumfungia ni ukatili. Kumbe mfupa wakati huo umeshikwa na gegedu laini tu. Anatembea kwa sababu maumivu yamepungua, wala si kwa sababu umeunga. Ukimfungulia akaruka dirishani, mnarudi mwanzo, pengine sasa kwa upasuaji. Kaa naye badala yake. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni za kumkuna shingo na mashavu, kumchana manyoya ya mgongoni ambako hawezi kufika, na kuzungumza naye kwa sauti ya chini zinapunguza kelele za usiku kuliko watu wanavyodhani.

Sasa chakula. Binadamu mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa na uji mwepesi akapona, paka hawezi. Akiacha kula, mwili unavunja mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi, ini la paka linashindwa kuyashughulikia, linajaa mafuta na kugoma. Siku mbili tatu za kufunga zinatosha kuanzisha balaa hilo, na paka mnene yuko hatarini zaidi ya mwembamba. Basi weka kanuni nyumbani: saa 24 bila kula ni simu kwa daktari, saa 48 ni safari ya kwa daktari.

Paka wa kilo nne anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku akiwa ametulia. Gramu 120 hivi za kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi zinafikia kiasi hicho, na kwa siku za mwanzo zinafaa kabisa, ingawa kwa muda mrefu nyama tupu haimpi madini na vitamini zote. Chakula cha dukani cha paka kikipatikana, changanya. Samaki wa kuchemsha asiye na miba ni mzuri. Dagaa wakavu walowekwe na kuoshwa mpaka chumvi itoke, kisha wachemshwe. Samaki mbichi kila siku si wazuri, baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinavunja chembe nyekundu za damu yake, kwa hiyo usimmiminie mchuzi wa familia hata kama una kuku ndani. Mchemshie supu yake pembeni kabla hujaunga. Maziwa ya ng'ombe, zawadi ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria, huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuhara kwa paka aliyevunjika nyonga ni mateso juu ya mateso.

Paka hula kwa pua. Chakula cha friji hakinukii, kwa hiyo kipashe mpaka kiwe cha uvuguvugu kama mwili wake, kiasi cha nyuzi 38. Msafishe pua kwa pamba yenye maji. Mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, uondoe kilichobaki baada ya nusu saa badala ya kumwachia bakuli lichache mbele yake. Wengine hawali mpaka uwashike kichwa. Kaa sakafuni, paka chakula kidogo kidoleni, mwachie alambe.

Akikataa kabisa, daktari anaweza kukuagiza umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Saga kuku na supu yake mpaka ipite bila kukwama. Mzungushie paka taulo, mweke mapajani akikupa mgongo, kichwa kikae kama anavyokiweka mwenyewe, usikiinue juu. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino refu, bonyeza mililita moja, ngoja. Utaona koo linapanda na kushuka. Ndipo ubonyeze nyingine. Chakula kikitoka upande wa pili wa mdomo unakwenda mbio. Akikohoa acha mara moja, maana chakula kikiingia mapafuni utakuwa umemwongezea ugonjwa mwingine. Paka aliyevunjika taya au anayetapika usimlishe hivi. Kwa huyo, na kwa yeyote atakayegoma kwa siku nyingi, kuna mpira mwembamba ambao daktari huuingiza kupitia ubavuni mwa shingo mpaka kwenye umio. Unatisha kuutazama, lakini paka wengi huuvumilia vizuri na unaokoa maisha. Daktari akiupendekeza, kubali. Na mpime uzito kila wiki: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe.

Tuje kwenye mkojo. Mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu inapita karibu na shina la mkia, na paka aliyevutwa mkia na gurudumu anaweza kupoteza uwezo wa kukojoa huku miguu ikitembea vizuri. Andika kila anapokojoa. Zikipita saa 24 bila mkojo, ni dharura, hata kama ni Jumapili. Hapa pana mtego unaowapata watu wengi: shuka limelowa, wakafurahi kwamba anakojoa. Matone yanayotoka yenyewe, hasa akiinuliwa au akigeuzwa, huenda ni kibofu kilichojaa pomoni kinachomwaga ziada. Anayekojoa kweli anachuchumaa na kuacha dimbwi.

Daktari akithibitisha kwamba kibofu hakijikamui, atakufundisha kukikamua, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa siku. Usijifunze kwa kusikia wala kwa kusoma, hata hapa. Mwambie aweke mkono wake juu ya wako mpaka uhisi. Kibofu kiko chini ya tumbo, mbele kidogo ya nyonga, na kikijaa kinakuwa duara gumu linaloteleza vidoleni kama puto lenye maji. Vidole vya mkono mmoja vinakishika pande zote mbili kupitia tumboni, vinabana polepole bila kuachia, na baada ya muda mkojo unaanza kutoka kwa mkondo mmoja. Kinachotakiwa ni utulivu wa mkono, si nguvu. Ukibana na hakuna kinachotoka, acha, nenda kwa daktari: dume aliyeziba njia akikamuliwa kwa nguvu, kibofu kinaweza kupasuka. Kila baada ya kazi hii osha sehemu za nyuma kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kwa kuwa mkojo unababua ngozi upesi. Ukinuka kuliko kawaida au ukiwa na damu, kibofu kimepata maambukizi.

Haja kubwa nayo iandikwe. Siku mbili tatu bila choo mwambie daktari, ambaye atakupa sharubati ya kulainisha inayofaa paka. Wewe unaweza kuongeza maji kwenye chakula na kijiko cha chai cha boga lililochemshwa bila chochote. Nyonga ikiunga vibaya njia inabaki nyembamba, na paka aliyekwisha kusahaulika kwamba aliwahi kugongwa anaanza kujikamua kwa shida miezi kadhaa baadaye. Daktari wa siku hiyo akumbushwe ajali.

Choo chenyewe kiwe beseni ulilolikata upande mmoja, ukingo wa kuingilia usizidi vidole vitatu, ili asilazimike kunyanyua mguu. Kama ana kidonda au mshono, weka magazeti yaliyochanwa badala ya mchanga au maranda. Choo kisafishwe kila siku, na mjamzito asikisafishe, kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma.

Utajuaje kama ana maumivu? Kukoroma kwa raha kusikudanganye. Paka hukoroma hivyo hivyo akiwa anaumwa, hata akiwa anakata roho. Tazama uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma mambo matano kwenye uso wa paka: masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na jinsi kichwa kinavyokaa. Kila kimoja kinapewa alama 0, 1 au 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10 paka anahitaji dawa ya maumivu. Asiye na maumivu masikio yameelekea mbele, macho wazi, sharubu zimelegea na kupinda kidogo, kichwa kiko juu ya mstari wa mabega. Anayeumwa masikio yanaachana na kugeukia nje, macho yanabanwa, mdomo unakazika, sharubu zinanyooka, kichwa kinashuka. Mtazame akiwa macho na hajaguswa, si akiwa anakula wala usingizini. Ukishauzoea uso wake wa siku njema utausoma kwa sekunde chache, na utaweza kumwambia daktari "jana usiku alama zake zilikuwa tano" badala ya "hajisikii vizuri".

Akiwa usingizini hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikizidi 30 mara kwa mara, piga simu.

Vidonda vya juu juu havina mambo mengi. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kijiko kidogo cha chai kimoja cha chumvi, kikiwa bapa, vinatosha kusafishia yakipoa. Spiriti, oili chafu, majivu na dawa ya meno vibaki vilipo. Adui mkubwa wa hali ya hewa yetu ni nzi, anayeweza kutaga kwenye manyoya yaliyolowa mkojo au usaha na kuleta funza ndani ya siku moja, kwa hiyo kizimba kipate chandarua. Dawa za viroboto za mbwa na unga wa kuua wadudu usivitumie: permethrini iliyomo kwenye nyingi kati yake inawatia paka degedege. Kola ya plastiki ya kuzuia kulamba mshono aivae hata usingizini. Kama mguu una bandeji, tazama kucha mbili za katikati asubuhi na jioni. Zikianza kuachana, vidole vimevimba na bandeji imebana, ifunguliwe siku hiyohiyo.

Kazi hii haifai kuwa ya mtu mmoja. Bandika daftari juu ya kizimba na kila anayemhudumia aandike saa, alichokula, mkojo, choo, dawa. Dada wa kazi aoneshwe, asiachiwe kwa maneno ya mlangoni. Dozi mbili za dawa ya maumivu kutoka kwa watu wawili waliopishana zinaweza kuharibu figo.

Kuna paka watakaopoteza mguu au mkia. Usilie sana kwa hilo. Paka wa miguu mitatu anakimbia na kupanda ngazi, na mkia usiohisi ukikatwa unamwondolea uchafu na uzito wa kuburuta. Linaloumiza ni kibofu kisichorudi. Mishipa inapewa mwezi mmoja hivi, na ikipita bila dalili yoyote, matumaini yanakuwa madogo. Wapo wanaokamua kibofu cha paka wao kwa miaka, na wapo wasioweza kwa kazi wala kwa kipato. Swali la kumlaza asiamke tena likifika, liulizeni mezani pamoja na daktari na daftari mkononi: siku ngapi katika wiki iliyopita alikula mwenyewe, alijilamba manyoya, alikuja kwenye sauti yenu? Kama ni chache na zinapungua, kumpumzisha ni sehemu ya kumuuguza, na aliyemtunza vizuri hadi hapo hana deni.

Wengi hawafiki huko. Karibu na wiki ya sita anapigwa eksirei nyingine, na daktari akiridhika unamtoa kizimbani kwa hatua: wiki moja katika chumba kisicho na kochi wala meza ya kupandia, zulia au mkeka wa nguo juu ya vigae, halafu nyumba nzima, viti vikisogezwa ili apande kwa kituo badala ya kuruka moja kwa moja, nje baadaye kabisa. Misuli ya paja iliyosinyaa inarudi kwa kutembea, kwa hiyo mwekee chakula mbali na anapolala. Kabla hajaanza kuzurura apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na ahasiwe kama bado, kwani dume asiyehasiwa anavuka barabara usiku kufuata majike. Na tangu siku ya kwanza ya kutoka nje, mlo wake mkubwa uwe wa jioni, ndani, jua linapozama. Paka aliyezoea kula saa hiyo hurudi mwenyewe kabla pikipiki za usiku hazijaanza kukimbia bila taa, na akishaingia funga mlango mpaka asubuhi.